Tumbaku ya kugandamiza nyumbani: Yaiva, mnunuzi haonekani

WAVUTA kiko wengi nchini Marekani hujichanganyia tumbaku wenyewe, wakaigandamiza iwe mkate na kuihifadhi miaka kadhaa hadi iive. Kwa upande wa ladha wanafaulu. Kwa mwenye mtaji anayetafuta faida, hesabu ni nyingine.

Vifaa si vya gharama: sanduku la mbao ngumu, vibao viwili na jeki ya gari. Majani hunyunyiziwa maji hadi yalainike, si kulowa, kisha hupangwa tabaka kwa tabaka na kubanwa kwa siku kadhaa au wiki. Mkate ukitoka hukatwa vipande na kutiwa katika chupa za kioo zenye vifuniko visivyopitisha hewa.

Mchanganyiko unaonufaika zaidi na muda ni ule wenye tumbaku ya mvuke, aina ile ile inayolimwa Tabora na Urambo, kwa kuwa ina sukari nyingi. Rangi hukolea na ukali ulimini hupungua. Burley ina sukari kidogo, na Latakia, inayofukizwa moshi, hupoteza harufu yake kadiri inavyokaa. Asiyejua tofauti hiyo hulaza fedha bure. Tena unyevu ukizidi, ukungu huingia na chupa nzima hutupwa.

Wanaopata riziki kwa kazi ya namna hii ni wakulima wachache wa St. James, katika jimbo la Louisiana. Tumbaku yao, perique, hushindiliwa kwa jeki ndani ya mapipa yaliyokwisha kutumika kwa wiski, hufunguliwa na kupigwa hewa mara kadhaa, na hukaa karibu mwaka mzima. Mnunuzi hulipa kwa sababu mahali inapotoka panajulikana na mzigo ni mdogo.

Chupa ya nyumbani haina jina, wala tarehe inayoweza kuthibitishwa. Bidhaa iliyopanda bei ni mikebe ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Kampuni ya McClelland ya Kansas City ilipofungwa mwaka 2018, mikebe yake iliyosalia iligombewa na wakusanyaji kwa bei kubwa kuliko ya dukani.

Sheria nayo inabana. Kujitengenezea kwa matumizi binafsi hakukatazwi, lakini kutengeneza kwa ajili ya kuuza kunahitaji kibali, na ushuru wa serikali kuu tangu mwaka 2009 ni dola 2.83 kwa ratili. Kuanzia Agosti 2016, hata duka linalochanganya tumbaku ya kiko huhesabiwa kuwa mtengenezaji.

Halafu kuna suala la muda. Dola 100 zikiwekwa penye riba ya asilimia 5 kwa mwaka hufikia karibu dola 128 baada ya miaka 5. Tumbaku iliyolazwa muda huo haina budi kuvuka kiasi hicho, na juu yake kulipia ushuru na hasara ya ukungu, ndipo mwenyewe aanze kusema amepata kitu.