Kumaliza Digrii ya Pili kwa Mradi wa Kazini

Vijana wanaokuja ofisini kwetu siku hizi si wale wa kutafuta karo ya sekondari peke yao. Wapo pia wanaosomea shahada ya uzamili, yaani digrii ya pili, huku wakiwa wameajiriwa. Masomo ya darasani wamemaliza, mitihani wamepita, lakini tasnifu imekwama. Mwaka unakwisha, wa pili unaingia, na chuo kinaendelea kudai karo. Sisi tuna diploma tu, wala hatujifanyi maprofesa. Hata hivyo tumekaa na vijana hawa na tukaona pale gari linapozama mchangani.

Masomo haya sasa yako karibu nasi. Chuo cha Pwani kule Kilifi kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2007, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Mtu wa Marafa au Ganze akitaka kusoma, si lazima tena ahame pwani. Anaweza kubaki na kazi yake, na kazi hiyo hiyo ikampa mada ya tasnifu.

Je, tasnifu ya kazini ni nini? Ni utafiti unaotokana na tatizo la kweli la kampuni au shirika. Mwanafunzi ana wasimamizi wa chuo, na pale kazini yuko mkubwa mmoja wa kumfungulia milango. Ujerumani na Uswidi ni jambo la kawaida mwanafunzi wa uhandisi kuandika tasnifu yake ndani ya kiwanda. Faida zake ni wazi. Kampuni inapata jibu, na mwanafunzi hatafuti mbali watu wa kuwauliza.

Lakini wengi wanachanganya tasnifu na ripoti ya kazi. Meneja anataka kujua, "Tufanye nini?" Chuo kinauliza, "Umejuaje?" Tuchukue mfano wa viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa, jua linayakausha, chumvi inabaki, nao watu wanaikusanya. Mtu akisema ataandika juu ya "Matatizo ya Viwanda vya Chumvi", hatamaliza hata miaka kumi. Akiuliza, "Kwa nini vibarua wengine hawavai buti walizopewa?", hapo ana swali la kushika mkononi. Tena aonyeshe waliotangulia walisema nini, aliwachaguaje watu wa kuwahoji, na jibu lake lina mipaka gani. Ripoti ya kurasa tano inamtosha meneja. Mtahini haitamtosha.

Sasa tuje kwenye shimo lenyewe. Kijana mmoja tunayemjua alikuwa karani katika kampuni moja ya pwani hii. Meneja wake alimwambia kwa mdomo, "Haya, endelea, chukua takwimu unazotaka." Kijana akakusanya mwaka mzima. Meneja akahamishwa. Aliyekuja akasema, takwimu ni mali ya kampuni, hazitoki. Kijana alipoulizwa ruhusa iko wapi, hakuwa na hata kikaratasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe hata utafiti ni mali.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni barua, kabla ya kuandika pendekezo la utafiti. Iwe na sahihi ya mwenye mamlaka na mhuri wa kampuni, nayo ijibu maswali haya:

1. Ni takwimu zipi zitatumika, na za miaka gani?
2. Jina la kampuni litatajwa au litafichwa?
3. Kampuni itasoma tasnifu kabla haijapelekwa chuoni? Ikisoma, inaruhusiwa kusahihisha makosa na kuficha siri za biashara tu, au inaweza pia kuzuia matokeo isiyoyapenda?
4. Meneja akihamishwa, au mwanafunzi akiachishwa kazi, ruhusa itaendelea?

Swali la tatu ndilo gumu. Tasnifu ikishapitishwa huwekwa maktaba, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Jambo hili si geni. Mwaka 1908 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin, William Gosset, alichapisha njia ya kupima takwimu chache. Kampuni haikutaka wafanyakazi wake wachapishe kwa majina yao, basi akajiita "Student", yaani mwanafunzi. Njia yake inafundishwa vyuoni hadi leo. Jina lilifichwa lakini elimu ilitoka. Mapatano ya namna hiyo yanawezekana, bora yafanywe mapema.

Jambo la pili ni vibali. Kamati ya maadili ya utafiti hupitia pendekezo, na chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI. Tena ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayolinda habari za mtu binafsi. Daftari la mishahara au la wagonjwa wa zahanati ya kampuni halifunguliwi ati kwa sababu unamfahamu mwenye ufunguo.

Jambo la tatu linatugusa sana sisi wa huduma za jamii, nalo ni usalama wa wanaohojiwa. Msimamizi wa zamu akimwuliza kibarua, "Utakubali nikuhoji?", huyo kibarua atakataaje, na kesho anategemea kuitwa kazini? Afadhali ahojiwe na mtu asiyemwajiri, mbali na lango la kampuni, na aelezwe kwamba akikataa hapotezi kitu. Tena kuficha jina pekee hakutoshi. Ukiandika "mama wa miaka 52 wa idara ya kupakia", na idara hiyo ina akina mama watatu, umemtaja tayari.

Watu wetu wana sababu ya kuogopa na pia sababu ya kusema. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, ikatoa ripoti mwaka 2006. Wananchi walijitokeza wakalalamika juu ya ardhi, hali ya kazi na mazingira. Mwanafunzi anayekwenda kule aisome ripoti hiyo kwanza. Asiwaulize watu upya yale waliyokwisha kuyasema kama kwamba hakuna aliyewahi kuandika.

Yule kijana wetu, je? Alirudi kwa msimamizi wake wa chuo, wakapunguza swali. Badala ya takwimu za ofisi, akawahoji vibarua waliokubali, nyumbani kwao, akiwa na vibali vyake mkononi. Alipoteza mwaka na nusu, lakini aliandika, akatetea mbele ya watahini, akafanya marekebisho, na joho akavaa.

Baadaye tulimsindikiza kijijini. Mama mmoja mzee alimwangalia akamwuliza, "Mwanangu, uliniandika. Nilisema nini?" Kijana akakaa chini ya mwembe akawasomea matokeo, akiyafafanua kwa Kigiriama, bila kumtaja mtu. Wakamsahihisha mahali pawili. Mama akasema, "Wengi wamekuja na kalamu. Wewe ndiwe uliyerudi."

Hilo chuo hakimwulizi mtu siku ya kutetea. Sisi tunaliuliza. Kama wewe ni mwanafunzi, panga siku ya kurudi tangu unapoandika pendekezo, na utenge nauli yake. Na wewe mwajiri, kijana wako akikuletea barua, isome vizuri kabla ya kutia sahihi, kisha uiheshimu. Mwenye kukwama asione haya, aje ofisini tusaidiane kuiandika hiyo barua.