Mzee Akivunjika Mfupa, Msiseme Ni Uzee Tu

Mvua zikinyesha huku Rungwe na Mufindi, njia zetu huteleza. Kijana akianguka hujipangusa tope na kuendelea na safari. Mama wa miaka 70 akianguka vilevile, huenda akavunjika mkono. Watu husema, "Ni uzee tu." Mkono unafungwa, unapona, na habari imekwisha.

Habari haijaisha. Mtu mzima akivunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, hiyo ni dalili kwamba mifupa yake huenda imedhoofika. Leo ni mkono. Baadaye inaweza kuwa nyonga. Wazee wengi wanaovunjika nyonga hawatembei tena kama zamani, na wengine hufa.

Sisi wakulima tunamjua dumuzi. Hula punje ya mhindi ndani kwa ndani, mpaka inabaki unga. Mifupa nayo hudhoofika ndani kwa ndani, bila kuuma. Kwa wanawake hudhoofika upesi zaidi baada ya kukoma hedhi. Wanaume nao wasijidanganye.

Je, tutajuaje mapema? Mashine za kupima mifupa haziko katika zahanati zetu za vijijini. Lakini maswali hayahitaji mashine. Mwaka 2008, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walitoa kipimo kiitwacho FRAX. Ni cha watu wa miaka 40 hadi 90. Kinakadiria hatari ya kuvunjika mfupa katika miaka 10 ijayo. Mtu huulizwa umri wake, uzito na urefu. Je, umewahi kuvunjika mfupa ukubwani? Mama au baba yako alivunjika nyonga? Unavuta sigara? Unakunywa pombe nyingi kila siku? (Ndugu zangu wa Iringa, ulanzi nao ni pombe.) Una baridi yabisi? Umewahi kumeza prednisoloni kwa miezi 3 au zaidi? Dawa hiyo usiiache mwenyewe. Mwambie mganga.

Basi mpelekeni mzee zahanati mkiwa na majibu hayo. Semeni pia kama amekuwa mfupi kuliko zamani, au mgongo umepinda.

Nyumbani apate maziwa, mboga za majani na usipa wa Kyela, unaoliwa pamoja na mifupa yake. Aote jua, atembee. Na leo hii tazameni njia ya chooni. Ondoeni mawe, chongeni ngazi, simikeni mti wa kushikia. Usiku awe na taa.