Kuni Zisizo na Bei: Maendeleo Endelevu Yakitazamwa Kutoka Kwihara

Tangu Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya Mazingira na Maendeleo uliofanyika Rio de Janeiro mwezi Juni 1992, maneno "maendeleo endelevu" yamesikika bungeni, semina na hata mimbarani. Maana yake ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1987 na tume iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norwei, yaani kizazi cha sasa kijipatie mahitaji yake pasipo kuwanyima watakaokuja uwezo wa kujipatia yao. Katika makala hii tunakusudia kulitazama jambo hilo tukiwa mahali pamoja, Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kwa kuwa huko desturi ya kufanya biashara kwa kitu kisicholipiwa ni ya siku nyingi.

Wengi hulijua jina la Kwihara kwa ajili ya David Livingstone, aliyefika na Stanley Februari 1872 na kukaa katika nyumba ya tembe hadi Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Lakini Kwihara ilikuwa kituo cha misafara ya Bagamoyo na Ujiji kabla yake. Hesabu ya msafara ilikuwa makini: mpagazi alikuwa na ujira wake, mtemi alidai hongo yake, merikani na shanga zilipimwa. Asiyehesabiwa alikuwa tembo. (Wala mtumwa hakuhesabiwa ila kama mali, nalo ni jambo linalodai makala yake.) Tembo walipopungua kandokando ya njia, wafanyabiashara hawakupumzisha nchi, walisogea mbele, hata Manyema.

Kitu kisicholipiwa leo ni kuni. Tumbaku ya mvuke, ambayo ndiyo zao kuu la biashara mkoani Tabora, hukaushwa katika bani kwa moto unaowaka mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mkulima hukopeshwa mbolea na pembejeo nyingine kupitia chama chake cha msingi, na deni hukatwa siku ya malipo. Kila mfuko umeandikwa. Kuni hazimo katika daftari hilo. Hutoka katika msitu wa miombo, na kwa kuwa msitu huonekana kuwa wa wote, mnunuzi huliweka jani katika daraja lake na kulilipa kana kwamba lilikaushwa na jua. Mti ulioota kwa miongo mingi umekwenda bure.

Wala si kuni tu. Udongo wa miombo ni wa kichanga na haukai na rutuba. Tumbaku ikirudiwa mahali pamoja, minyoo wadogo hushambulia mizizi yake. Kwa hiyo mkulima hupanda mahindi katika shamba la zamani na kufyeka jipya. Mfuga nyuki, ambaye Unyamwezi imemtegemea tangu kale, huona miti ya maua ikiondoka. Hatumlaumu mkulima. Ada ya shule na bati la nyumba hutoka katika tumbaku, na makanisani nasi tunajua vema ni msimu gani unaofaa kutangaza michango ya ujenzi.

Jibu lililozoeleka ni kupanda miti. Makampuni yamewahimiza wakulima kupanda mikaratusi, na katika KKKT Askofu Fredrick Shoo amejulikana sana kwa juhudi za kupanda miti Kilimanjaro. Kazi hizo ni njema. Hata hivyo, miombo ina sifa ambayo bustani ya miche haina: miti yake mingi huchipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi, mradi jembe, moto na mifugo viuache kwa muda. Haja yake ya kwanza ni kupumzishwa. Mambo ya Walawi sura ya 25 huiagiza nchi yenyewe sabato kila mwaka wa saba, na kwa maoni yetu sura hiyo imehubiriwa mno kuhusu madeni ya watu na kidogo mno kuhusu udongo.

Jirani zetu wa Shinyanga wametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Huko miti ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba na ng'ombe vikamaliza iliyosalia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulifaulu zaidi uliporudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililorudishiwa uoto kwa njia hiyo lilikuwa limepita hekta 300,000. Mipaka ililindwa na sungusungu na mabaraza ya wazee, na aliyevunja amri alitozwa.

Tabora haiwezi kuiga yote, kwa kuwa malisho hayana mnunuzi wa nje na tumbaku inaye. Hapa ngitili ya msitu itahitaji jambo ambalo Shinyanga haikulihitaji: gharama ya kuni, na ya miaka ya kuuacha msitu uchipue, iingizwe katika bei ya kilo kabla masoko hayajafunguliwa. Mabani yaliyoboreshwa, yanayotumia matawi badala ya magogo, hupunguza gharama hiyo lakini hayaifuti. Vyama vya msingi ndivyo vinavyokaa mezani na wanunuzi, na viongozi wa vyama hivyo wamo pia katika mabaraza ya wazee wa sharika.