Fahamu: Kiwanja kikubwa pembezoni mwa Dar es Salaam, kabla hujalipa

Anayetaka nyumba kubwa kwa ramani yake mwenyewe, yenye bustani na banda la kuku, sasa anatazama Kibaha, Mkuranga, Chanika au Kigamboni, ambako daraja lilifunguliwa 2016. Bei ya ardhi hushuka kadiri unavyoiacha Kariakoo nyuma.

Unafuu huo una sababu. Maeneo mengi ya pembezoni hayajapimwa, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, mdhamini wake akiwa Rais. Hati hukupa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Kiwanja kikiwa na hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kisichopimwa, uliza halmashauri kimepangiwa matumizi gani: huenda kiwanja hicho kizuri ni njia ya barabara. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Maji, umeme na nauli ya kila siku navyo ni sehemu ya bei. Nenda ukakione kiwanja wakati wa masika, ndipo ulipe.