Fimbria za Bakteria na Maambukizi ya Njia ya Mkojo

Mkojo unapotoka husafisha njia yake na kuondoa vimelea visivyojishikiza. Bakteria Escherichia coli, ambao ndio chanzo kikuu cha maambukizi ya njia ya mkojo, huushinda mkondo huo kwa fimbria, yaani vinyweleo vya protini vinavyochomoza kwenye uso wa seli zao. Fimbria za aina ya 1 zina kipenyo cha takriban nanomita 7, na kwenye ncha ya kila moja kuna protini FimH, ambayo hunasa sukari ya manosi iliyo juu ya seli za kibofu. FimH inapovutwa na mkondo hubadilika umbo na kushika kwa nguvu zaidi, huku fimbria iliyojisokota ikikunjuka na kupunguza mvuto. Hivyo, nguvu ileile inayopaswa kuwaondoa bakteria ndiyo inayowakaza. Ndiyo sababu molekuli zinazofanana na manosi zinachunguzwa kama tiba: zikiiziba FimH mapema, bakteria hutoka na mkojo bila kuuawa. Katika kipindi hiki cha usugu wa vimelea dhidi ya antibiotiki, njia isiyotegemea kuua inastahili kuchunguzwa kwa kina.