Alama ya buluu kwenye X: inaonyesha nani amelipa, haionyeshi nani anasema kweli

Tangu Elon Musk alinunua Twitter, ile alama ya buluu kando ya jina la mtu imekuwa kitu cha kulipia kila mwezi. Ni nini kilibadilika, na juu ya nini jambo hili linatugusa sisi wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema ao Tanganyika? Maelezo.

Kila mara hali ya usalama inapoharibika, picha za ekra zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu anatuma tangazo lililotoka kwenye X, mtandao ambao zamani uliitwa Twitter: msemaji fulani amesema hivi, wapiganaji fulani wameingia fasi fulani. Mwengine akiuliza kama ni kweli, anajibiwa: « Angalia vizuri, kuko alama ya buluu. »

Miaka iliyopita jibu hilo lilikuwa na uzito. Leo halina tena uzito ule, na watu wengi bado hawajaambiwa.

Alama hii ilitoka wapi?

Ni alama ndogo inayofanana na ile mwalimu anaweka kwenye kaye ya mwanafunzi wakati jibu liko sawa. Twitter iliianzisha mwaka 2009. Mwaka huo Tony La Russa, kocha wa mchezo wa baseball kule Marekani, aliishitaki kompanyi hiyo kwa sababu mtu asiyejulikana alifungua konti kwa jina lake na kuandika maneno ambayo yeye hakuyasema. Hapo Twitter ikaanza kuhakikisha konti za watu wanaojulikana: viongozi, wasanii, wachezaji, waandishi wa habari, mashirika.

Alama haikumaanisha kwamba mwenye konti anasema kweli. Ilimaanisha jambo moja tu: huyu ni yeye mwenyewe, si mwengine aliyevaa jina lake. Na ilikuwa ya bure.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake. Wengi walioomba walikataliwa bila kuelezwa vizuri sababu. Mwaka 2017 Twitter ilisimamisha maombi, kisha watu walilalamika kwamba ilimupa alama mtu aliyetayarisha mkutano wa wabaguzi wa rangi katika mji wa Charlottesville. Maombi yalifunguliwa tena mwaka 2021. Kwa hiyo, wale waliosema kwamba alama imekuwa heshima ya watu wakubwa hawakukosa sababu.

Musk anafika, na bei inafika naye

Tarehe 27 mwezi wa kumi 2022, Elon Musk, tajiri wa kompanyi ya magari Tesla, alimaliza kununua Twitter kwa dola miliari 44. Siku chache tu kisha hapo, alitangaza kwamba yeyote anayetaka alama ya buluu atalipa dola 8 kwa mwezi. Habari zilizotoka mbele zilitaja dola 20, na mwandishi wa vitabu Stephen King alikasirika waziwazi. Musk alimujibu kwamba Twitter nayo ina madeni ya kulipa: je, dola 8?

Madeni yalikuwa ya kweli. Ununuzi wenyewe uliiwekea kompanyi mzigo wa mikopo ya karibu dola miliari 13. Zamani, karibu asilimia 90 ya feza za Twitter zilitoka kwa matangazo ya biashara, lakini watangazaji wakubwa kama General Motors walisimamisha matangazo yao mara tu Musk alipoingia. Ilibidi feza zitafutwe fasi ingine.

Musk alitoa pia sababu zingine mbili. Ya kwanza, alisema utaratibu wa zamani uliwagawa watu kuwa mabwana na wakulima, na kwamba sasa kila mtu atapata nafasi. Ya pili, alisema anayetengeneza maelfu ya konti za uongo atashindwa kama inabidi alipie kila moja.

Wakati uleule alifukuza karibu nusu ya wafanyakazi wote, ambao walikuwa karibu 7,500. Ofisi moja pekee ya Twitter katika Afrika, ile ya Accra kule Ghana, ilikuwa imefunguliwa siku chache tu. Wafanyakazi wake karibu wote waliachishwa kazi.

Siku mbili za vurugu

Alama ya kulipia ilianza tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2022, kwa wakaaji wa Marekani na inchi zingine chache. Hakuna aliyeombwa karte ya utambulisho. Ukilipa, unapata.

Kesho yake, mtu alifungua konti kwa jina la Eli Lilly, kompanyi kubwa ya Marekani inayotengeneza dawa ya ugonjwa wa sukari. Alilipa, akapata alama, akaandika kwamba insulini sasa ni ya bure. Kule Marekani bei ya insulini ni kidonda cha siku nyingi, na kuko wagonjwa wanaopunguza dozi kwa kukosa feza. Tangazo lile lilibaki hewani kwa masaa. Kompanyi yenyewe ililazimika kuomba radhi kwa wale waliodanganywa.

Wengine walijifanya kuwa Nintendo, kampuni ya ndege za kivita Lockheed Martin, wachezaji, hata marais wa zamani. Tarehe 11 Twitter ilisimamisha mpango huo. Ulirudishwa tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili, bei ikiwa dola 8, ao dola 11 kwa wanaolipia ndani ya telefone ya iPhone. Mara hii ilibidi kuonyesha namba ya telefone, na rangi zingine mbili zikaongezwa: dhahabu kwa makompanyi na mashirika, kijivu kwa serikali.

Alama za zamani, zile za bure, ziliondolewa tarehe 20 mwezi wa ine 2023. Gazeti la New York Times lilikuwa limesema halitalipa, na Ikulu ya Marekani nayo ilisema haitalipia wafanyakazi wake.

Sudan: siku moja ilitosha

Hadi hapo mutu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Wamarekani. Lakini angalia kilichotokea Sudan.

Vita vilianza Khartoum tarehe 15 mwezi wa ine 2023, kati ya jeshi la jenerali Burhan na kikosi cha RSF cha jenerali Hemedti. Tarehe 20, Twitter iliondoa alama za zamani. Tarehe 21, konti moja iliyojiita RSF, yenye alama ya buluu, iliandika kwamba Hemedti amekufa kutokana na vidonda vya vita. Konti ilikuwa ya uongo. Jina lake lilitofautiana na lile la kweli kidogo sana, vile jicho la haraka haliwezi kuona. Tangazo lile liliangaliwa zaidi ya mara milioni moja.

Hemedti hakuwa amekufa. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 alitembelea inchi nyingi za Afrika, zikiwemo Uganda, Kenya na Rwanda. Lakini fikiria familia iliyokuwa imejificha Khartoum siku ile, ikisoma habari hiyo na kujiuliza kama ni wakati wa kutoka ndani ya nyumba ao kubaki.

Mwezi uliofuata, tarehe 22 mwezi wa tano, konti zenye alama ya buluu zilisambaza picha ya mlipuko karibu na Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Mlipuko haukuwepo. Hata hivyo soko la hisa lilishuka kwa dakika chache, mpaka wazima-moto wa pale waliposema hakuna kitu.

Basi leo alama inamaanisha nini?

Kwenye X, alama ya buluu inamaanisha kwamba mwenye konti analipa abonema ya kila mwezi. Tangu mwezi wa ine 2024, kuko pia wanaoipata bure kwa sababu wanafuatwa na watu zaidi ya 2,500 wenye abonema. Kwa hiyo mwandishi wa habari mwenye alama anaweza kuwa hajalipa, na mdanganyifu mwenye alama anaweza kuwa amelipa. Kwa macho, wote wawili wanafanana.

Kuko jambo lingine lisiloonekana. Majibu ya mwenye kulipa yanapandishwa juu, mbele ya ya wengine. Na tangu mwezi wa saba 2023, wenye abonema wanaoangaliwa sana wanaweza kupewa feza na mtandao wenyewe. Maana yake, habari ya kushitua inaweza kumuingizia mtu feza. Picha ya maiti ya vita ingine, ikiandikwa « Leo asubui », inaangaliwa kuliko maelezo ya pole pole.

Facebook na Instagram nazo zilianza kuuza alama mwaka 2023, kwa dola 11.99 kwa mwezi, ao 14.99 ndani ya telefone. Kule mwenye kuomba anaonyesha karte ya serikali yenye jina na picha yake. Hiyo ni nafuu, lakini nayo inahakikisha mtu tu, haihakikishi maneno yake.

Umoja wa Ulaya uliona jambo hili ni udanganyifu. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2025, Tume ya Ulaya iliitoza X faini ya Euro milioni 120 kwa makosa matatu, na moja ni hiyo alama ya buluu. Tume ilieleza kwamba sheria hailazimishi mtandao kuhakikisha watu. Inakataza kuwaambia wasomaji kwamba mtu amehakikishwa wakati hakuhakikishwa.

Na sisi huku?

Wengi wetu hatuna karte ya banki. Tunatumia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na dola 8 ni mega za siku nyingi. Hivyo mwalimu wa Uvira ao muganga wa Bunia anayeandika alichoona kwa macho yake hatakuwa na alama, na mtu aliye mbali, asiyejua hata barabara inapita wapi, ataweza kuwa nayo. Tukifuata alama, tutamuamini wa pili.

Tangu M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, pande zote zinatoa matangazo yao kwenye X. Uvumi mmoja unaweza kufunga soko la Kadutu ao kuhamisha kijiji kizima usiku. Kwa hiyo, mbele ya kutuma:

- Soma jina lote la konti, lile linaloanza na @, herufi kwa herufi. Udanganyifu mara nyingi uko kwenye herufi moja iliyoongezwa.
- Bonyeza alama yenyewe. X itaandika kama ni ya abonema, ya shirika ao ya serikali. Kijivu ina uzito kuliko buluu, lakini hata serikali inasema upande wake.
- Angalia konti ilifunguliwa lini. Konti ya mwezi huu inayojiita jina la siku nyingi, ujiulize.
- Usiamini picha ya ekra peke yake. Alama inaweza kuchorwa juu ya picha na mtu yeyote mwenye telefone. Tafuta tangazo lenyewe.
- Piga telefone kwa mtu aliye pale, ao ngojea redio mbili tofauti ziseme jambo lilelile.

Zamani kompanyi moja ya mbali ilikubali kutufanyia sehemu ndogo ya kazi hiyo: kutuambia nani ni nani. Imeiacha, na alama imebaki na sura yake ya zamani. Kazi ya kuhakikisha imerudi mikononi mwetu, na ni afazali tuifanye mbele ya kubonyeza « tuma », kwani kisha hapo habari haikamatiki tena.