Kichuguu Hakina Kiyoyozi

"Mwalimu, niige mnyama gani?"

Swali hili huniandama kila muhula tangu nianze kufundisha usanifu wa majengo unaojifunza kwa maumbile. Mara ya mwisho niliulizwa huko Ntimaru, Migori, tukiwa tumesimama katika uwanja wa shule, mabati yakialika kwa jua la saa 7 mchana. Kazi ilikuwa kuchora darasa ambamo mtoto anaweza kusoma mchana bila kusinzia kwa joto. Kufikia jioni nilikuwa na michoro 12, na 9 kati yake ni vichuguu: dohani ndefu katikati, tundu juu, mishale ya buluu ikiingia chini, mishale myekundu ikitoka kileleni. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepima joto la darasa lililopo.

Imani inayozaa michoro hii naijua kwa moyo. Eti mchwa wamevumbua kiyoyozi, joto ndani ya kichuguu halibadiliki usiku wala mchana, na nyumba yenye umbo lile itajipoza yenyewe. Imeenea kwenye filamu za wanyama, kwenye vitabu vya usanifu, na kwa masikitiko yangu, kwenye mihadhara ya walimu wenzangu. Haisimami.

Mzizi wake ni kazi ya heshima. Mwaka 1961 Martin Lüscher, mtafiti wa Uswisi, alieleza katika jarida la Scientific American jinsi joto la mchwa na la bustani zao za kuvu linavyoweza kuipandisha hewa na kuizungusha ndani ya kichuguu. Wasomaji wakaondoka na neno moja tu, kiyoyozi, na hadi leo hawajaliachia. Mwaka 2008 Scott Turner na Rupert Soar wakatoa hesabu nyingine kuhusu Macrotermes michaelseni, mchwa anayepatikana hata hapa Kenya. Kiota chenyewe kimezikwa ardhini, na joto lake hufuata joto la udongo unaokizunguka. Kwa siku moja hutulia, kwa sababu udongo mwingi hauchemki wala haupoi upesi. Kwa mwaka hupanda na kushuka kwa zaidi ya nyuzi 10. Ule mnara unaotushangaza hapo juu ni pafu: kazi yake ni kutoa hewa chafu na kuingiza safi, kwa msukumo wa upepo, kupitia vitundu vidogo mno vya ukutani. Kileleni hakuna tundu. Wanafunzi wangu 9 walichora tundu lisilokuwepo.

Kuna ushahidi unaouma zaidi. Katika mbuga ya Comoé, Côte d'Ivoire, Judith Korb alichunguza Macrotermes bellicosus, ambaye kweli hushikilia joto la karibu nyuzi 30. Lakini hulishikilia kwa kujipasha. Kwenye savana yenye jua hujenga minara yenye kuta nyembamba na matuta mengi. Msituni, kwenye ubaridi, mchwa huyohuyo hujenga kuba nene ili joto lisitoroke, na hewa yake inakuwa nzito kwa sababu hiyo. Mdudu mmoja, maumbo mawili! Na shida yake ni kupata joto la kutosha, halafu sisi tunamfanya mwalimu wa kupoza madarasa.

Sasa tuichukue dohani yenyewe. Dohani hubadilisha hewa, haiipozi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 29, itakayoingia darasani ni ya nyuzi 29, isipokuwa imepita kwanza mahali penye ubaridi uliohifadhiwa. Na kinachomchoma mtoto saa 7 mara nyingi ni bati lililo juu ya utosi wake, linalomulika joto kama kaa la moto. Simamisha dohani 10. Bati litaendelea kumulika.

Hapo hutajiwa Eastgate ya Harare, jengo la Mick Pearce lililofunguliwa mwaka 1996. Pearce aliwatazama mchwa, ndiyo. Lakini jengo lake linapoa kwa sababu usiku wa Harare una baridi, feni huivuta baridi ile hadi kwenye zege zito, na zege hulipa deni hilo mchana. Hutajiwa pia Startup Lions, chuo kando ya Ziwa Turkana alichokamilisha Francis Kéré mwaka 2021. Minara yake inafanana na vichuguu, nayo huvuta hewa ya moto itoke juu, ila chini kuna matundu ya kuingiza hewa, na kuna vivuli vilivyopangwa kwa makini. Wanafunzi hupiga picha ya mnara na kuviacha vingine.

Mfano ninaowapa mimi uko Mbita, Homa Bay, kwenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, na si jengo. Watafiti walitaka kuwaondoa funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakauliza nondo anayewazaa funza hao anakimbia harufu gani na anafuata ipi. Mmea wa desmodiamu ukapandwa katikati ya mahindi umfukuze, nyasi za nepia pembeni zimvute, na ile desmodiamu ikazuia na gugu la kayongo pia. Hakuna aliyeuliza shamba lifanane na nini.

Kwa hiyo turudi kwa darasa la Ntimaru, haraka haraka. Ntimaru ni nyanda za juu, usiku una baridi: jenga kuta nene za matofali, fungua matundu usiku, yafunge jua likipanda. Madirisha yatazame kaskazini na kusini, mapaa yatokeze nje. Weka dari, hata ya mikeka ya mafunjo, na uache nafasi ya hewa kati yake na bati. Paka bati rangi nyeupe. Matundu ya chini yaingize, ya chini ya kipaa yatoe. Mbao zisiguse udongo, kwa kuwa mchwa halisi watazila. Ukishuka Homa Bay ziwani, usiku hauna baridi nyingi ya kuweka akiba. Kule punguza uzito wa kuta, fungua pande mbili mchana upepo wa ziwa upite, weka wavu wa mbu. Mchoro mmoja hauwezi kutumika kote kuwili.

Wanaokuja nami Ntimaru muhula ujao walete kipimajoto, kamba ya kupimia na ubani wa kuonyesha hewa inakokwenda. Tutaanza saa 11 alfajiri, kabla jua halijagusa mabati, na penseli hazitatoka mkobani hadi tumepima mara ya mwisho saa 9 alasiri.